Chagua Fundi Wako

Siku mliyoniaga mlisema mengi mazuri, nami nikalia kidogo kama inavyotakiwa. Mtu hawezi kusema ukweli wote akiwa ameshika sahani ya keki. Sasa nimekaa jikoni kwangu Great Barr, chai iko mezani, magari ya barabara kuu yanavuma kule nyuma ya nyumba, na hakuna wa kuniharakisha. Ninyi vijana mliokuja kwenye mabenchi yetu kutoka Goma, Nakuru na Mwanza mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Haya. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Beth, bosi wetu, akitaka kujua nimesema nini, ana simu ya kutafsiri, na ikimtafsiria vibaya shauri yake.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Cheo sikupata, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaeleza kazi, na nitawaeleza wivu, maana kwangu hivyo viwili vilikaa benchi moja.

Kwetu ni Nachingwea. Nilikuja Birmingham kumfuata mume wangu, na katika maisha yangu sikuwa nimeshika kisu cha kukunja isipokuwa kile cha mjomba, cha kumenyea machungwa. Kiwanda kile kidogo nyuma ya mtaa wa masonara kilikuwa kinatafuta mtu wa gurudumu la kung'arishia, kazi ya vumbi na mafuta ambayo wenyeji walikuwa wameikimbia. Nikaipata siku ile ile niliyoiomba, jambo lililopaswa kunitia shaka. Jioni nilirudi nyumbani masizi mpaka kwenye kope, mume wangu akanifungulia mlango akaniuliza ninamtafuta nani.

Fundi mkuu alikuwa mzee mmoja jina lake Arthur. Alitoka Sheffield, na hakukubali mtu asahau. Sheffield ndiko nyumbani kwa visu. Huku kwetu sifa ilikuwa vifungo vya nguo, filimbi na ncha za kalamu. Arthur alikuja Birmingham kwa sababu ya mke, kama mimi nilivyokuja kwa sababu ya mume, na sote wawili tuliulalamikia mji huu kila siku bila kufikiria kuuhama. Jina langu Mwanaidi lilimshinda asubuhi ya kwanza. Akaniita Ida, na Ida nikabaki.

Baada ya muda aliniondoa kwenye gurudumu akaniweka benchi la kuunganisha. Mnajua kazi yetu, lakini atakayesoma haya baada yenu huenda asijue. Kisu chetu hakina kufuli. Ubapa unashikiliwa na springi iliyolala mgongoni mwa mpini. Ukikifungua, kisigino cha ubapa, yaani kile kitako chake kilichofichwa ndani ya mpini, kinapanda juu ya springi kisha kinaanguka mahali pake, na hapo kisu kinasema: tak. Ukikifunga kinasema tena. Kisu changu cha kwanza nilikisugua kisigino mpaka kikang'aa, nikidhani kung'aa ndiyo kazi yenyewe. Arthur akakifungua. Kimya. Akakifunga. Kimya.

"Ida," akasema, "umezaa bubu."

Akakitundika kwenye msumari juu ya benchi langu, na kikakaa hapo mpaka kamba ikaoza. Alinifundisha kwamba kona ya kisigino ikiachwa kali mno, kisu kinapiga kelele na kinang'ata kidole cha mwenyewe. Ukiilainisha mno, kinanyamaza. Katikati kuna mahali padogo sana, hapapimwi kwa chombo, hupimwa kwa sikio. Alipostaafu alinipa tupa yake ndogo, ile yenye mpini uliolika kwa kidole gumba chake, akaniambia, "Kisu kinachopiga kelele kinaringa. Chako kiseme tu." Mungu amweke pema. Hakuwa mtu wa kusifu, kwa hiyo maneno hayo nimeyatunza kuliko tupa yenyewe.

Jambo jingine alilotuachia ni desturi. Kiwanda kikitoa toleo maalumu, yaani visu vichache vya namba, vya mpini wa aina yake, vikiisha havirudiwi tena, basi fundi aliyepewa toleo hilo ana haki ya kisu kimoja cha ziada, nje ya namba. Tunakiita kisu cha fundi. Hakiuzwi, hakipigwi picha, hakiandikwi jina. Ni cha mfuko wake. Arthur alikuwa navyo kadhaa, na kila alipovitoa chakula cha mchana kumenya tufaha, roho iliniuma. Mimi nilikuwa mtu wa oda. Toleo zima sikuwahi kupewa.

Oda nazo zina mateso yake. Mteja wa oda anachagua kila kitu: chuma, umbo la ubapa, pembe ya nyati au mti wa mpini, jina la kuchongwa. Wengine wanaleta mti wao. Mwalimu mmoja wa chuo, wa kule Selly Oak, alituletea mguu wa kiti cha marehemu baba yake, akitaka mpini utoke humo. Mti ulikuwa umeliwa na wadudu mpaka ukiupuliza unatoa unga. Niliulowesha gundi nyembamba, nikaukausha, nikaulowesha tena, nikatafuta kwenye mguu mzima vipande viwili vinavyoweza kushika pini bila kupasuka. Mwenyewe alipokuja kukichukua sikuwepo, nilikwenda kliniki. Mwenzangu Muhindo ndiye aliyemkabidhi. Yule mwalimu akamkumbatia Muhindo akalia begani kwake, na mpaka leo anamtumia kadi ya Krismasi.

Sasa tumefika kwa Muhindo.

Mnamjua kama bwana mkubwa wa benchi la dirishani. Mimi namjua tangu alipokuja, mtu wa Butembo aliyepitia kambi Uganda, koti la msaada limemzidi mabega, Kiingereza hana hata cha kuombea maji. Kule kwao alikuwa akitengeneza saa na cherehani. Arthur, ambaye alikuwa ukingoni mwa kustaafu, alinisukumia akasema, "Huyu ni wako, mnaongea lugha moja." Kwa kweli hatukuongea lugha moja. Yeye alikuwa na Kiswahili chake na mimi changu, na wiki ya kwanza tulielewana zaidi kwa nyundo. Lakini mikono! Nikimwonyesha kitu mara moja, mara ya pili ananionyesha mimi. Nilimfundisha kugonga pini mpaka ipotee ndani ya shaba ya mpini usijue ilipoingilia. Nilimfundisha kusikiliza. Nilimfundisha kila kitu isipokuwa kunizidi, na hicho akajifunza mwenyewe.

Aliniita Mama, ingawa hatupishani miaka ya kuitana hivyo. Kila asubuhi, "Jambo, Mama, ulilala muzuri?" Huwezi kumchukia mtu wa namna hiyo. Hilo nalo lilinikera.

Kisha Beth akachukua kiwanda kutoka kwa baba yake, akatutengenezea tovuti. Mteja akikaa nyumbani anabonyeza: chuma hiki, mpini huu, herufi hizi. Vizuri. Siku moja akaongeza kitufe kipya mwishoni, baada ya mambo yote. Chagua fundi wako. Pakawa na picha zetu mstari mmoja. Muhindo, ndevu zimechongwa, anacheka. Mimi picha ilinikuta nimefumba jicho moja, kama mtu anayelenga bunduki. Niliomba irudiwe. Beth akasema inaonyesha tabia.

Oda zikaanza kumiminika kwa Muhindo. Alikuwa ameshapigwa video akifungua na kufunga visu vyake, na vya kwake vina sauti. Si tak, ni TAK. Watu wa mtandaoni walipenda hiyo sauti kupita kiasi. Mimi nilisikia kona kali, kisigino kilichoachwa kabla ya wakati, na nilijua hakuwa amesahau nilichomfundisha, alikuwa ameamua tu. Nikawa napewa oda za wale waliosahau kubonyeza. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakutuambia vidole vingine vinajisikiaje.

Nataka mnielewe hapa, maana ndipo palipo moyo wa habari hii. Sikutaka pesa yake wala video zake. Nilitaka mtu mmoja, kabla sijastaafu, aone majina yote yale na aseme: nataka cha Ida. Kwa sababu ya kazi ya Ida. Basi.

Mmoja alitokea. Bwana wa Sutton Coldfield, mtu wa heshima, alibonyeza picha yangu. Nilimtengenezea kisu ambacho hata Arthur angekubali kukitia mfukoni. Alipokuja nikajipa moyo nikamwuliza kwa nini alinichagua mimi. Akasema mama yake aliitwa Ida.

Harjit alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Harjit mnamkumbuka, mama wa Kisikh aliyezaliwa Kisumu, mchonga majina wetu, tulistaafu tukipishana miezi michache. Meza yake ilitazamana na benchi langu, kwa hiyo hasira zangu zote zilipita kwake kwanza.

"Wewe Ida, hiyo wivu itakumaliza," akaniambia. "Huyu kijana amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Sasa?"

"Ndiyo maana inauma. Angenikosea ningepumzika."

Halafu likaja toleo la mpingo. Mpingo, jamani! Mti wa kwetu, mweusi tii, mzito mpaka ukiutupa majini unazama. Beth alipata magogo machache kutoka kwa mtu aliyekuwa akitengeneza zumari, akaamua kutoa toleo maalumu. Siku sanduku lake lilipofunguliwa niliinusa ile harufu kabla sijaona kilichomo. Nilisimama pale na kipande mkononi nikaona uwanja wa shule yetu Nachingwea na mafundi seremala wanaolaani misumeno yao. Nikasema moyoni, hili ni langu. Kama kuna Mungu wa visu, hili ni langu.

Beth akampa Muhindo. Alinieleza kwa upole, hata kiti akanivutia. Watu wanamsubiri Muhindo, alisema, toleo litaisha kabla halijatangazwa vizuri. Na mimi nina ujuzi mkubwa wa oda.

"Butembo hakuna mpingo," nikamwambia.

Akaniuliza Butembo ni nini. Nikarudi benchini. Mpingo wa kwetu, akapewa mtu wa milimani anayejua mikaratusi! Wiki zile sikumwitikia Muhindo salamu vizuri. Nilikuwa nasema "nzuri" kwa sauti ya mtu anayesema "ondoka." Yeye alikuja na vipande akiuliza, "Mama, uyu muti unapasuka, nifanye namna gani?" Na mimi, kwa sababu siwezi kuona mti unaharibika, nikamwambia. Mpingo hauvumilii moto. Toboa kidogo, toa keekee, ngoja, toboa tena. Ukiharakisha unapasuka kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni, na huo ufa hauna dawa. Kwa hiyo toleo la mpingo lilitoka bila ufa, likaisha siku lilipotangazwa, na sifa zikaenda mnakojua.

Nikatangaza kustaafu. Sisemi ni kwa sababu hiyo. Magoti nayo yalikuwa na maoni yao.

Wiki chache kabla ya kuondoka, asubuhi moja Beth alitoka ofisini anatembea haraka. "Ida! Umechaguliwa!" Kiwanda kizima kikasikia. Oda mpya, mpingo, hakuna jina la kuchonga, hakuna urembo, na pale mwisho mteja amebonyeza picha yangu yenye jicho moja. Akaandika na maelezo: fundi afanye kisigino kama anavyojua mwenyewe.

Jamani, niliringa. Nilikwenda kwa Harjit nikasimama mbele yake mikono kiunoni. Nikamwambia kuna watu bado wana masikio. Nikamwambia huyu mteja anajua kisigino ni nini, huyu si mtu wa video, huyu pengine ni fundi mstaafu wa Sheffield. Nilimtungia sura, nikamvisha kofia. Chai ya saa nne niliinywa nimesimama. Kisha likaniingia swali ambalo lilipaswa kuniingia mapema: mpingo umetoka wapi, na toleo limeisha?

"Beth," nikauliza, "huyu mteja ni nani?"

Beth akatazama kule dirishani. Muhindo alikuwa ameinamia jiliwa, anakaza kitu kilichokwisha kukazwa.

Ule mpingo ulikuwa vipande vyake vya ziada, vya kisu chake cha fundi, haki yake kwa desturi ya Arthur. Alikuwa ameviweka kando, akaenda nyumbani, akaingia kwenye tovuti kama mteja wa kawaida, akanibonyeza. Nikavuka chumba.

"Muhindo, nimekuwa wa kuonewa huruma?"

"Hapana, Mama."

"Huruma peleka kanisani kwenu. Mimi sijakuomba."

Akanyoosha mikono yake mbele yangu, viganja juu. Vidole vimejaa mikwaruzo midogo, mipya juu ya ya zamani.

"Angalia. Visu vyangu vinaniluma," akasema. "Batu banapenda kelele, mi ninabapatia kelele. Ni kazi. Lakini kisu ya mufuko yangu, ya kukata mukate na batoto bangu? Hapana. Nilijaribu kufanya kisigino kama yako. Mara mingi, Mama. Inakuya bubu ao inakuya na kelele. Pale katikati sipaone. Weye njo unapaona."

"Nilikufundisha."

"Ulinifundisha. Sikupata." Akashusha mikono. "Nilikuwa na wivu juu yako, Mama, tangu Mzee Arthur akupe ile tupa."

Miaka yote nilijua wivu ni mali yangu peke yangu mle ndani. Harjit, kutoka mezani kwake, akasema bila kuinua macho, "Haya, si umechaguliwa? Enda ukafanye kazi, bana."

Nikafanya. Sijawahi kufanya kazi polepole namna ile. Nilitoboa mpingo kwa pumzi, nikatoa keekee, nikangoja, nikatoboa. Vumbi lake jeusi liliniingia kwenye mistari ya mikono na sikulifuta haraka. Niligonga pini mpaka zikapotea, nikapitisha msasa mpaka shaba na mti vikawa kitu kimoja chini ya kidole. Kisigino nilikiacha mwisho. Nilichukua tupa ya Arthur, nikapitisha mara moja, nikasikiliza. Tena kidogo, nikasikiliza. Gurudumu lilikuwa limezimwa. Nadhani Beth ndiye aliyelizima. Nikafungua.

Tak.

Nikafunga. Tak. Kilisema tu, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Harjit akavua miwani. Muhindo alikuwa amefumba macho. Nikakifungua tena, na tena, na niliendelea muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa kitakachofuata. Kile kilikuwa kisu bora kuliko vyote vilivyopita mikononi mwangu, cha mti wa kwetu, na kilikuwa cha mtu mwingine. Kuna dakika nilifikiria kusema kina kasoro, niende nacho nyumbani. Mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa.

"Aksanti, Mama," akasema, akakipokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo hayo ndiyo ya kazi. Toboeni mpingo polepole. Msiwaamini wateja wanaoleta miguu ya viti. Kisigino kisikilizeni, msikitazame. Na kama kuna mwenzenu benchi la pili anayewanyima usingizi kwa uhodari wake, mwangalieni vidole.

Mngependa niseme kwamba wivu uliniisha. Niliutafuta siku ile ya kuagana, nikaukuta umekaa pale pale, umenenepa. Mlisimama wote kunizunguka, Beth akahutubia, na keki ilipoletwa hapakuwa na kisu. Kiwanda cha visu! Mkacheka sana. Muhindo akatia mkono mfukoni, akatoa kile cha mpingo, akakata keki vipande sawasawa, akakipangusa vizuri kwa leso, akakifunga. Mlikuwa mnapiga makofi, sidhani kama mlisikia. Mimi nilisikia, tak, kisha kikarudi mfukoni mwake. Hapo ndipo nilipolia, nanyi mkanipa karatasi za kufutia machozi, mkaniambia mtanikumbuka.